Mtazame anayesikiliza: jibu kwa mhudumu anayekaa na The Golden Girls kutwa nzima

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi natoka Tanga, sasa naishi Texas, nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Bibi ninayemhudumia ana miaka 88 na televisheni yake ni The Golden Girls asubuhi, mchana na usiku. Kiingereza nakielewa, lakini kuna mahali watu wanaangua kicheko na hakuna aliyesema kitu. Wanacheka nini? Halafu kila nikimletea dawa ananiambia "Shady Pines!" na kucheka mwenyewe. Ananitukana? Na kwa kuwa nitakaa na hawa wanawake wanne kila siku, nianzie wapi ili nami nifaidi?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nianze na la dawa, maana naona ndilo linalokukera. Hakutukani. The Golden Girls ni igizo la vichekesho la Kimarekani kuhusu wanawake wanne wanaoishi nyumba moja Miami, na Shady Pines ni makao ya wazee alimokuwa akiishi mmoja wao, Sophia Petrillo, yule kizee mfupi mwenye mvi na miwani mikubwa asiyeachia mkoba wake hata akiwa ndani ya nyumba. Katika episodi ya kwanza makao yale yameshika moto, naye anahamia kwa binti yake Dorothy na hatoki tena. Tangu hapo Dorothy akizidiwa na ulimi wa mama yake, humtishia kwa jina hilo: tulia mama, la sivyo nakurudisha Shady Pines. Basi bibi yako akiona umeshika kikombe cha dawa, ameshakugawia nafasi ya Dorothy na yeye amejichukulia ya Sophia, tena amekuwahi kulitaja tishio kabla hujalitoa. Kesho mjibu kwa sauti nzito, taratibu, "Shady Pines, Ma!" halafu umwangalie bila kucheka. Dawa atakunywa.

Sasa hilo swali lako la kicheko kisicho na maneno. Nimefundisha uandishi wa vichekesho vya televisheni kwa muda mrefu, na wanafunzi wangu wengi huchelewa kuliona hilo uliloliona wewe ukiwa unakunja nguo sebuleni. Umetoka mji wa Mzee Majuto, kwa hiyo nusu ya jibu unayo: yule mzee watu walikuwa hoi kabla hajafungua mdomo. The Golden Girls imejengwa juu ya jambo hilo hilo kwa makusudi. Mtu mmoja anasema, na kicheko kinatoka kwa yule anayemsikiliza.

Mfano mzuri uko kwenye episodi ya mwisho ya msimu wa kwanza, ya mwaka 1986, inayoitwa "The Way We Met". Wamekaa jikoni usiku, usingizi umewapaa kwa sababu ya filamu ya kutisha, na Rose, mmoja wa wale wanne, anaanza habari za kijijini kwao St. Olaf, jimbo la Minnesota. Anasimulia vita vya samaki aina ya heringi kati ya koo mbili, akina Lindstrom na akina Johanssen. Ukoo mmoja ulitaka kuwatia samaki kwenye siki, mwingine ulitaka kuwafundisha michezo ya sarakasi. Betty White, aliyeigiza Rose, anayasema haya kwa uso wa mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Hachekeshi, anaarifu. Mmoja wao anamuuliza kama waliwahi kumrusha heringi kwa mzinga. Rose anajibu kwamba walimrusha mara moja tu, akaenda kunasa kwenye mti, na baada ya hapo hakuna heringi mwingine aliyekubali.

Usimtazame Rose hapo. Watazame Dorothy na Blanche, mwenye nyumba. Bea Arthur, aliyeigiza Dorothy, na Rue McClanahan, aliyeigiza Blanche, wanapigana na vicheko vyao wenyewe, midomo inacheza, na ukumbini watu hawana hali. Maneno ya Rose ukiyasoma karatasini ni ya kuchekesha kiasi tu. Kinachoyafanya yaue ni mtu mzima mwenye akili zake kulazimika kuyasikiliza mpaka mwisho.

Igizo lile lilirekodiwa mbele ya watazamaji waliokaa ukumbini, na hilo lina kazi yake. Mwigizaji wa filamu hajui watu watacheka kwa muda gani. Hawa walijua papo hapo, wakawa wanasubiri. Bea Arthur alikuwa mtu wa jukwaani tangu ujana. Mwaka 1964 alikuwa kwenye onyesho la kwanza la Fiddler on the Roof huko Broadway, na miaka miwili baadaye akachukua Tony, tuzo ya maonyesho ya Broadway, kwa onyesho la Mame. Alijua kwamba kicheko cha watu kina mwanzo, kilele na mteremko, na kwamba ukisema neno kwenye kilele umelipoteza. Kwa hiyo Rose akisema upuuzi, Dorothy hajibu. Anageuza shingo polepole. Anamkazia macho. Watu wanacheka. Bado anamkazia macho. Watu wanacheka tena, mara hii zaidi, kwa sababu wanajua kuna neno linakuja na halijaja. Wakianza kutulia, ndipo analiachia kwa ile sauti yake nzito. Vicheko vitatu kwa mstari mmoja wa skripti. Waandishi walifika mahali wakawa wanamwachia nafasi ya kutazama tu.

Hata meza ile ya jikoni imepangwa kwa ajili ya nyuso. Hesabu viti: ni vitatu, ingawa wanawake ni wanne. Angekaa wa nne, angeipa kamera mgongo, na mgongo hausikilizi. Wote wakiwepo, mmoja husimama au huvuta kiti cha pembeni. Jaribu siku moja kuzima sauti wakiwa pale na keki yao ya jibini. Utamjua kila mmoja kwa namna anavyopokea maneno ya mwenzake. Blanche hupokea akiwa tayari anajifikiria yeye. Rose hupokea kila kitu kama kilivyo, hajui kejeli. Sophia hapokei, anasubiri zamu yake ya kuchoma. Dorothy ndiye anayesikia yote, na ndiyo maana amechoka vile.

Lingekuwa igizo jingine kabisa kama mipango ya mwanzo ingefuatwa. Wazo lilizaliwa kwa mzaha mwaka 1984. Kituo cha NBC kilikuwa na sherehe ya kutangaza vipindi vyake vipya, na waigizaji wawili wa makamo, Selma Diamond na Doris Roberts, wakapanda jukwaani kuitania Miami Vice, ile ya polisi vijana wenye suti za bei. Wao wakaiita "Miami Nice" na kufanya kana kwamba ni habari za wazee wa Florida. Wakubwa wa kituo wakacheka, kisha wakaona mbona hilo linawezekana kweli. Kazi ikaangukia kwa Susan Harris, mwandishi aliyekuwa ameshaandika Soap, na ambaye mwaka 1972 aliandika ile episodi ya Maude, igizo ambalo Bea Arthur ndiye aliyekuwa Maude mwenyewe, ambamo mwanamke huyo wa miaka 47 anaamua kutoa mimba. Mtu wa aina hiyo ukimpa wanawake wazima wanne hawezi kukuletea hadithi za kufuma sweta.

Betty White alitazamiwa kuwa Blanche, yule mjane wa Georgia anayependa wanaume, kwa sababu kwenye The Mary Tyler Moore Show alikuwa ameigiza mwanamke wa namna hiyo. Rue McClanahan alitazamiwa kuwa Rose, kwa kuwa kwenye Maude alikuwa rafiki mpole aliyechanganyikiwa kidogo. Mwongozaji wa episodi ya kwanza, Jay Sandrich, akasema wabadilishane. Bea Arthur mwenyewe alikuwa amekataa kuja. Hakutaka kurudia Maude na rafiki yake yule yule, na pembeni Betty White akirudia lile la zamani. Rue akampigia simu kumweleza kwamba nafasi zimebadilishwa, na hapo akaanza kuona utamu wa jambo lenyewe. Mimi naamini bila mabadilishano yale igizo lingechekesha msimu mmoja likafa. Betty White alikuwa mjanja sana, na ni mtu mjanja tu anayeweza kuigiza ujinga wa Rose bila kuudharau.

Na Sophia? Estelle Getty alizaliwa Julai 1923. Bea Arthur, "binti" yake, alizaliwa Mei 1922. Mama ni mdogo kwa binti kwa mwaka na ushee! Walimvalisha wigi la mvi, wakamchora makunyanzi, akaingia. Alikuwa amepitia miaka mingi ya majukwaa madogo kabla ya kutambulika kwenye tamthilia ya Torch Song Trilogy akiwa mama, na mbele ya kamera hofu ilimshika kila wiki. Mistari ilimtoroka, akawa anaiandika na kuificha kwenye vitu vya jukwaani. Miaka ya mwisho ya maisha yake alikuwa na ugonjwa wa kusahau, ule unaohusishwa na jina la Lewy, na alifariki 2008. Wewe kwa kazi yako unaujua kuliko mimi. Kuna wakati ninapomwona Sophia akitazama chini kwenye mkoba wake kabla ya kusema, siwezi kuacha kujiuliza kama kuna karatasi mle.

Skripti inaeleza ulimi wa Sophia kwa kiharusi kilichoharibu ile sehemu ya ubongo inayomzuia mtu kusema kila anachofikiri. Ni ujanja mzuri wa uandishi, kwa kuwa mwandishi akishapata mtu mmoja asiyeweza kunyamaza, hahitaji kutafuta ugomvi mbali. Ila mimi nampenda zaidi anapoanza hadithi zake, "Hebu fikiri: Sicily, mwaka 1922," na wenzake wanashusha pumzi kwa sababu wanajua hawana pa kukimbilia.

Bibi yako labda atakwambia ni igizo kuhusu urafiki, na wimbo wake wa mwanzo unasema hivyo hivyo. Lakini usiache kutazama nyumba. Blanche ni mjane mwenye nyumba Miami na anahitaji wapangaji. Rose ni mjane. Dorothy ameachwa na mume wake Stan baada ya miaka 38 ya ndoa, na kazi yake ni ualimu wa kujaza nafasi za walimu wasiofika. Hakuna kati yao anayeweza kuishi vizuri peke yake. Katika episodi ya kwanza Blanche anataka kuolewa, na hofu inayoikumba nyumba ni ya kawaida kabisa: tutahamia wapi? Mchumba anageuka kuwa tapeli mwenye wake wengine, Blanche anajifungia chumbani kwa wiki kadhaa, kisha anatoka na kuwaambia wenzake kwamba amegundua ana furaha, na kwamba ni kwa sababu yao, wao ndio familia yake. Msimu wa tano pensheni ya marehemu mume wa Rose inasimamishwa baada ya kampuni kufilisika, na Rose anazunguka kutafuta kazi kwa watu wanaomtazama umri kabla ya kumtazama yeye. Televisheni ya Marekani ya miaka ile ilikuwa imejaa majumba makubwa na hakuna aliyeuliza nani analipa. Hawa waliulizana mara kwa mara.

Nikitaka kumshawishi mtu asiyeamini, namwekea "Sick and Tired", episodi mbili zilizofungua msimu wa tano mwaka 1989. Dorothy anaugua. Ana uchovu ambao haumruhusu hata kusema. Anamwendea daktari mmoja, anaambiwa hana kitu. Anasafiri mpaka New York kwa bingwa wa mishipa ya fahamu, naye anampuuza kabisa, kana kwamba tatizo lake ni uzee na upweke. Baadaye sana anapata daktari anayelipa jina: ugonjwa wa uchovu sugu. Susan Harris aliyapitia haya mwenyewe, aliugua na madaktari hawakumwamini, na unaona anaandika kwa hasira iliyopoa. Mwishoni wako mgahawani wakisherehekea, na Dorothy anamwona yule bingwa meza nyingine. Anainuka, anamfuata. Anamweleza alivyomfanya ajione kichaa, alivyokuwa na hofu, na kwamba kuna siku daktari naye atakuwa upande wa pili wa meza. Mwanamke ambaye kwa miaka minne amesikiliza upuuzi wa kila mtu anadai sasa asikilizwe, na ukumbi mzima umenyamaza. Wewe unayeingia hospitali na wazee wa watu, nadhani utaitazama episodi hiyo kwa jicho lako mwenyewe.

Ziko nyingine za aina hiyo. "72 Hours" ilirushwa Februari 1990: Rose anapata barua kutoka hospitali kwamba damu aliyoongezewa miaka ya nyuma huenda ilikuwa na virusi vya UKIMWI, na inabidi asubiri majibu kwa siku tatu. Anapaniki, anamwuliza Blanche kwa nini yeye, mtu mwema, na si Blanche aliyelala na wanaume wengi. Blanche anamjibu kwamba UKIMWI si ugonjwa wa watu wabaya wala si Mungu anayewaadhibu watu kwa dhambi. Nakumbuka sisi mwaka huo tulikuwa bado tunasema "amerogwa" au "ana homa ndefu" kwenye misiba. Na Sophia, mcheshi wetu, hapo hachekeshi sana: anatia alama vikombe vya Rose visichanganyike na vyake. Waandishi walimwachia aibu hiyo mzee tunayempenda kuliko wote.

Sitaki uiabudu. Ina makosa yake, na mengine yanachosha. Mizaha ya kumwita Dorothy mbaya wa sura ni mingi mno, na inajulikana kwamba Bea Arthur mwenyewe haikumfurahisha. Kufikia misimu ya mwisho ujinga wa Rose umekuwa mazoea, anasema neno lisilo na maana kwa sababu tu zamu yake imefika. Watoto wa Blanche wanaongezeka na kupungua kulingana na mahitaji ya wiki. Episodi ya kwanza ina mpishi shoga anayeitwa Coco, na ya pili hayupo, wala hakuna anayeuliza amekwenda wapi. Kuhusu makao ya wazee, wewe una haki ya kunung'unika kuliko mtu yeyote, kwa sababu kwa miaka mingi Shady Pines inatajwa kama jela na wahudumu kama askari. Ila tafuta "Sophia's Choice" ya msimu wa nne. Sophia anamtorosha rafiki yake Lillian kutoka makao mabovu, anamleta nyumbani, na ndani ya muda mfupi wote wanne wanatambua kwamba hawana nguvu wala ujuzi wa kumhudumia. Huko makaoni nako shida kubwa ni uhaba wa fedha na wa wafanyakazi. Ni mara moja igizo linapogeuka na kuiona kazi yako.

Uanzie wapi, basi. Tazama ya kwanza kwa ajili ya kuijua nyumba, kisha ruka mpaka "The Way We Met" upate heringi wako. Halafu "Old Friends", ya kufungua msimu wa tatu mwaka 1987. Sophia anakutana kila siku na mzee anayeitwa Alvin kwenye benchi karibu na bahari, wanataniana, wanagombea sandwichi na siasa. Kidogo kidogo Alvin anaanza kupotea, ni Alzheimer's, ugonjwa mwingine wa kusahau. Yeye ni Mmarekani mweusi na Sophia ni Mtaliano wa Sicily, na igizo halilifanyi hilo kuwa jambo, ni wazee wawili tu na benchi lao. Hiyo uitazame bibi akiwa amelala, kama unaona itamgusa mahali. Baada ya hapo fuata misimu ya pili hadi ya tano kwa mpangilio. Ndiko waandishi walikokuwa na mkono mwepesi. Marekani waliipenda wakati huo huo: ilikuwa ndani ya vipindi kumi vinavyotazamwa zaidi kwa misimu sita kati ya saba, na waigizaji wote wanne walipata Emmy, tuzo ya televisheni, kila mmoja kwa wakati wake. Mwaka 1988 waliitwa London kuigiza mbele ya mama yake Malkia, shabiki wao.

Iliisha Mei 1992, baada ya episodi 180, Dorothy alipoolewa na kuondoka. Bea Arthur alikuwa amesema inatosha. Wenzake watatu walihamia kituo cha CBS na igizo jipya, The Golden Palace, wakiwa wenye hoteli Miami, pamoja na Don Cheadle akiwa bado kijana. Bibi yako akimaliza msimu wa saba huenda akakutaka umtafutie hiyo. Ilidumu msimu mmoja tu. Rose anasimulia St. Olaf, Sophia anachoma, Blanche anajisifu, mistari mingine ni mizuri kabisa, lakini akimaliza kusema hakuna wa kugeuza shingo, na wote wanaharakishwa kwenye mstari unaofuata. Bea Arthur alirudi kama mgeni katika episodi mbili zinazofuatana, Dorothy anapokuja kuona kama mama yake anatunzwa vizuri hotelini. Ukizipata hizo mbili, anza nazo. Nyingine zinaweza kungoja.